Safari ya misheni vijijini Newala: maoni ya mpishi na mkalimani

Safari hii ninaipendekeza, na mwenye nafasi ajiandikishe mapema. Ninaipendekeza kwa masharti lakini, na masharti yenyewe nitayaeleza kwa kirefu, kwa sababu mtu anayetoa hela yake kwenda kumtumikia Mungu kijijini anastahili kujua anaingia kwenye maisha ya watu gani, na kwa wakati gani wa mwaka.

Mwishoni mwa Juni, shule zikishafunga, kikundi kimoja cha huduma chenye ofisi Dar es Salaam hukusanya vijana wa makanisa mbalimbali, safari hii pamoja na wageni wachache kutoka Marekani, kikawapeleka vijiji vya Newala kwa wiki moja hivi. Anayetoka Dar analipa shilingi 280,000. Anayepandia Mtwara mjini analipa 150,000. Ndani yake kuna usafiri, chakula, malazi na fulana. Kazi ni mikutano ya Injili jioni, mafundisho, kupima afya, michezo ya watoto, na kutembelea watu majumbani. Mimi sikulipa. Nilichukuliwa kutoka Mtwara niongoze jiko na nitafsiri Kimakonde, nikapewa posho. Msomaji alijue hilo kabla hajapima maneno yangu. Kikundi sikitaji jina kwa kuwa baadhi ya mambo nitakayoyasema bado tunayazungumza na viongozi wake, na wamenisikiliza vizuri.

Mimi ni mzaliwa wa Newala, upande wa Kitangari. Kwa hiyo watu wakiniuliza misheni ilikwendaje, sianzi na idadi ya waliookoka. Naanza na maji.

Asiyeijua Newala akipanda kutoka bondeni akaona mikorosho imefunga kijani pande zote, anadhani maji yapo tele. Hayapo. Uwanda wa Makonde una udongo wa kichanga unaomeza mvua yote inayonyesha. Huko juu hakuna mto wala kijito. Chemchemi ziko chini, kwenye miteremko na mabondeni, na kwa vizazi vingi akina mama wameshuka alfajiri na kupanda na ndoo kichwani jua likiwa limeshachoma. Mradi wa maji wa Makonde upo tangu miaka ya 1950 na unasukuma maji kwa pampu kutoka bondeni hadi juu, ila pampu ikiharibika au umeme ukisumbua, bomba la kijiji hukauka kwa siku nyingi. Ndiyo maana nyumba yenye bati utakuta ina kisima cha saruji uani cha kuvunia maji ya mvua. Mvua zikishaisha mwezi wa tano, yaliyomo kisimani ndiyo ya kuivusha familia mpaka mvua zirudi mwisho wa mwaka. Mama wa nyumba anayajua kwa kina chake. Kila wiki anateremsha kamba anapima.

Sasa wewe na wenzako thelathini mnafika mwishoni mwa Juni. Kupika, kunywa, kuosha masufuria, kuoga japo kwa ndoo moja ndogo kila mtu: mimi kwa kubana sana nilikuwa natumia lita mia nane kwa siku. Hakuna mwenyeji wa Kimakonde atakayekwambia usichote. Atakukaribisha, atakupa kata na ndoo, atasema "chota tu mwanangu." Na mwezi wa kumi, wewe ukiwa Dar, yeye ataanza kununua maji kwa ndoo, shilingi mia tano au zaidi, wakati hela ya korosho bado haijaingia.

Kwa hilo kikundi hiki kilifanya vizuri, na hapo ndipo nyota zake nyingi zimetoka. Mwinjilisti wa mtaa, ambaye wote tunamwita Mwalimu, aliwaandikia tangu Machi kwamba wageni hawaji bila maji yao. Wakakubali. Tulipofika tulikuta tangi kubwa la plastiki limeshawekwa ubavuni mwa kanisa, na boza la lita 5,000 limeshamwaga. Nilifurahi kiasi kwamba niliimba. Nimewahi kupikia kikundi kingine, cha watu wema kabisa na wenye kumpenda Mungu, ambacho kilikausha kisima cha mchungaji wa watu na kikaondoka kikiwa hakijui. Mama mchungaji alitabasamu mpaka gari la mwisho likapotea.

Boza la pili lilichelewa. Ulikuwa mwaka wa kwanza kikundi kupanga jambo hilo, na dereva alipata pancha njiani, basi kwa siku nzima na nusu tuliishi kwa mabaki. Hapo nikaona nani amekuja kutumika. Vijana wawili wa kwaya kutoka Temeke waliacha kuoga wenyewe, bila kuambiwa, ili bibi wanaosaidia jikoni wapate maji ya kunawa kabla ya kurudi kwao. Dada mmoja aliosha nywele zake kwa ndoo mbili siku hiyo hiyo. Simlaumu peke yake, hakuwa amefundishwa. Semina ya maandalizi Dar ilikuwa na mafundisho mazuri juu ya maombi na ushuhuda, na nusu saa moja tu ya kuelezwa maji ya Newala ingetosha kumfanya dada yule afunge kilemba na kungoja.

Niende kwenye jiko, maana hapo ndipo nina neno.

Viongozi walitaka kuleta kila kitu kutoka Dar: mchele, maharage, mafuta, hata nyanya kwenye makreti. Nikawaambia mchele sawa, mafuta sawa, vingine tununue kijijini. Kabla ya minada ya korosho kuanza mwezi wa kumi, hela kijijini ni ngumu; mama anayeuza fungu la mbaazi mbichi au kuku wawili kwa mgeni anapata madaftari ya mtoto. Tulipika mbaazi mbichi za nazi, kisamvu cha korosho zilizotwangwa, ng'onda, yaani samaki mkavu, niliyoibeba kutoka soko la samaki Mtwara, na asubuhi ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha na chai. Wageni wa Marekani waliipenda ming'oko, wakamenya wenyewe. Ugali wa muhogo uliwashinda baadhi ya watu wa Dar kwanza, siku ya tatu wakauzoea.

Kuku wote walichinjwa na Mwislamu. Hili nalisisitiza kwa sababu kijana mmoja wa kamati aliniuliza kwa nini tusichinje wenyewe, tuna visu. Kijiji kile kina msikiti na kanisa, na ndani ya ukoo mmoja utakuta Athumani na Andrea wamezaliwa tumbo moja. Mama yangu mdogo mwenyewe ni Mwislamu. Ukichinja wewe, nusu ya kijiji haitakula sufuria yako, na nusu hiyo ndiyo uliyosema umekuja kuipenda. Mwalimu alimpeleka kiongozi wetu kwa shehe mchana ule ule tuliofika, kabla hata ya kufungua mabegi, baada ya kuripoti kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji. Shehe akamtuma kijana wake awe anakuja kuchinja kila tunapohitaji. Jioni ya mkutano wa kwanza watu wa msikitini walikuja kusikiliza, wakakaa pembeni kwa heshima, na chakula cha mwisho cha pamoja tulikula nao. Mhubiri hakumtaja mtu dini yake. Alihubiri Kristo, akakaa chini.

Ratiba ndiyo iliyonisikitisha. Ilipangwa Dar na mtu anayeijua Dar. Mafundisho ya ndoa na familia yaliwekwa saa mbili asubuhi. Mwishoni mwa Juni na Julai mikorosho inatoa maua, na ndio wakati wa kupuliza salfa, dawa ya unga wa kiberiti; bila salfa ukungu unaua maua, na maua yakifa mwaka mzima umekufa. Kupuliza kunafanyika usiku wa manane mpaka asubuhi mapema, upepo ukiwa umetulia na umande bado uko majanini ili unga ushike. Baba anarudi shambani saa mbili, saa tatu, macho mekundu, nguo zinanuka kiberiti, hajalala. Huyo ndiye uliyemwitia semina. Asubuhi ya kwanza walikuja wazee sita na watoto.

Mwalimu hakugombana na mtu. Aliomba tu semina ihamie saa kumi alasiri, na kanisa likajaa. Swali langu kwa waandaaji ni kwa nini jambo hilo lisubiri siku ya kwanza iharibike, wakati simu ya Mwalimu wanayo. Mwenye kutaka kuja aelewe pia kwamba Oktoba mpaka Desemba hakuna atakayekuwa na muda wako, watu wanaokota korosho, wanapeleka ghalani, wanangoja mnada wa chama cha ushirika. Januari mpaka Aprili ni mvua na kilimo, na barabara za ndani hazipitiki kwa kosta. Kwa hiyo Juni na Julai ni majira sahihi, alimradi uamke na ulale kwa saa za kijiji.

Kuna kitu kingine cha majira hayo: jando na unyago. Watoto wakifunga shule ndipo wanaingizwa. Jioni ya pili kijana mhubiri wa Dar, mwenye karama kweli na sauti nzuri, alisema jukwaani kwamba jando ni kazi ya shetani na waliompenda Yesu waiache. Nilikuwa natafsiri. Nikatafsiri, kwa sababu mkalimani hana ruhusa ya kubadilisha maneno ya mtu, lakini niliona migongo ya wazee ikinyooka.

Mkutano ulipoisha, mzee mmoja wa kanisa alimwita pembeni, nami nikaitwa kutafsiri kwa vile mzee akiwa na jambo zito hupenda kulisema kwa Kimakonde. Hakumkemea. Akamuuliza, "Mjukuu wangu, unajua Injili ilifika huku lini?" Kisha akamsimulia. Edward Steere, askofu wa misheni ya Kianglikana, alifika Masasi mwaka 1876 akiwa na watu walioachiliwa kutoka utumwani, akawaweka pale. Masasi ilipovamiwa mwaka 1882, Chauncy Maples, mmisionari wa misheni hiyo hiyo, alihamia hapa hapa Newala. Na Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi dayosisi ilipoanzishwa mwaka 1926, hakulifuta jando. Alikaa na wazee, akaondoa yasiyofaa, akaweka sala, na vijana Wakristo wakatahiriwa na kufundwa chini ya uangalizi wa Kanisa. "Baba yangu alitoka kwenye jando lile akiwa na msalaba shingoni," mzee akasema. "Wewe umekuja kuniambia baba yangu alikuwa wa shetani?"

Kijana alinyamaza muda. Kisha akapiga goti, akamwomba radhi, na kesho yake mchana aliketi barazani kwa mzee huyo mpaka jua likaelekea kuzama, akiuliza na kusikiliza. Jioni alihubiri habari za Yesu kuwa na miaka kumi na miwili hekaluni katikati ya walimu. Nimesikia mahubiri mengi ya misheni, na hayo ndiyo yaliyowagusa akina baba. Zipo desturi za unyago ambazo mimi mwenyewe, kama mama wa mabinti, sizitaki hata kidogo, hasa zile zinazomfanya mtoto aone yuko tayari kuolewa. Hizo zisemwe. Zisemwe na anayezijua moja moja, akiwa amekaa chini na makungwi, siyo kwa kipaza sauti gizani.

Na jamani, kumbi, yaani kambi ya jando, halipigwi picha. Kijana mwingine alitaka kusogea na simu yake kwa sababu alisikia nyimbo. Mwalimu alimshika mkono akamrudisha. Nilitetemeka. Kama angefika, sisi sote tungefukuzwa, na Mwalimu, ambaye lazima aendelee kuishi pale, angebaki na aibu yetu.

Huduma ya afya nitaipa sifa na lawama kwa pamoja. Kibali cha Mganga Mkuu wa Wilaya kilikuwepo, na mganga wa zahanati ya kijiji ndiye aliyekaa meza ya kwanza. Hilo ni jema sana. Kila aliyepimwa presha, sukari au malaria aliandikwa kwenye daftari la zahanati, halikutumika karatasi letu, ili akirudi mwezi ujao akutwe yupo. Mtwara na Lindi malaria ni nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi, kwa hiyo vipimo vya haraka viliisha mapema, na dawa mseto zilitoka stoo ya zahanati yenyewe. Wenye matende na mabusha walielekezwa hospitali ya wilaya kwa majina na tarehe. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa watoto wa Jumapili aliyejificha ndani miaka kwa aibu. Kumwona akitoka na kukaa foleni na wenzake kulinitoa machozi.

Lawama ni begi la dawa. Wageni walibeba begi zima la dawa za presha na maumivu kutoka kwao, walizokusanya kwa upendo, nyingine zikiwa zimebakiza miezi miwili. Mganga wa zahanati akazikataa kwa upole. Bibi mmoja alikuwa na presha 190 kwa 110. Ukimpa bibi huyo vidonge vya wiki mbili usivyoweza kumletea tena, umemfanya nini? Dawa ya presha ni ya kila siku, maisha yote. Mganga alimwanzishia dawa ile inayopatikana zahanati, akamwandikia siku ya kurudi, akamweleza mjukuu wake kwa Kiswahili na mimi nikamweleza bibi kwa Kimakonde, mara mbili, mpaka aliporudia mwenyewe. Mgeni mmoja, muuguzi, alipoona hivyo alifunga begi lake akaenda kushika kazi ya kuandika majina. Nilimheshimu.

Kilichozaa matunda kuliko vyote pale mezani ni miwani ya kusomea. Hakuna aliyeipa uzito wakati wa kupanga, ilikuwa boksi moja tu dogo. Alikuja mzee ambaye kwa miaka mingi alikuwa msomaji wa somo kanisani, macho yakamfungia kazi hiyo. Alijaribu miwani ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akaomba Biblia. Akafungua Zaburi akasoma kwa sauti katikati ya foleni, watu wote wakanyamaza mpaka akamaliza. Jumapili ile alisoma somo la kwanza. Ukitaka kujua ubebe nini kwenye begi lako, beba miwani ya kusomea ya nguvu tofauti tofauti, mumkabidhi mganga aigawe kwa vipimo.

Kutembelea nyumba kwa nyumba ndiyo sehemu ambayo ningelipa hata kama mengine yote yangeondolewa. Waandaaji waliiwekea alasiri mbili. Ingekuwa kila siku. Tulikwenda watatu watatu, mmoja wa kanisa la kijiji akitangulia, na sharti la Mwalimu lilikuwa moja: mkikuta kazi, shikeni kazi. Kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wenyeji waliitimiza methali hiyo kwa furaha. Tulikuta mjane anapalilia chini ya mikorosho yake peke yake ili salfa ipite na moto wa kiangazi usiingie shambani. Vijana walichukua majembe, wakafyeka na kupalilia mpaka jioni. Akina dada walibaki naye wakipukuchua mbaazi. Hapo ndipo alipoanza kusema habari za mwanawe aliyevuka Ruvuma kutafuta kazi upande wa Msumbiji na hajapiga simu muda mrefu. Aliyasema mwenyewe, mkono ukiendelea na kazi. Tukaomba naye. Mgeni wa Kimarekani aliomba kwa lugha yake, kijana wa Temeke akatafsiri kwa Kiswahili, mimi kwa Kimakonde, na mjane akasema amina mara tatu, kwa kila lugha moja.

Hapo nitoe ushauri kwa wanaohubiri kupitia wakalimani wawili: sema sentensi fupi, kisha subiri. Ukisema dakika nzima bila kupumua, mimi nitafikisha nusu.

Usafiri na malazi havinichukui muda. Lami ya kupitia Mingoyo, Nyangao na Ndanda hadi Masasi ni nzuri, na waandaaji walifanya busara kusimamisha gari Ndanda ili vijana waione misheni ya Wabenedikto iliyoanza mwaka 1906 na hospitali yake. Waliona kwamba watu walikuja wakakaa, wakazeeka, wakazikwa pale. Kutoka Masasi kupanda Newala, na hasa kuingia ndani vijijini, kosta ilikwama kwenye mchanga tukashuka kusukuma. Wakodi gari lenye kuvuta magurudumu yote. Wanaume walilala ukumbi wa kanisa, wanawake kwenye nyumba za waumini. Newala mwezi wa sita na wa saba ni baridi na ukungu asubuhi, watu wa Dar hawaamini mpaka wafike. Chukua sweta, blanketi, chandarua chako, tochi. Vyoo vilikuwa safi.

Hela. Niliomba mchanganuo wa ile 280,000 na nikaonyeshwa, ila baada ya kuomba. Ungetakiwa kutumwa kwa kila anayelipa. Ndani yake fulana ilihesabiwa shilingi 15,000. Kadi ya CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, tuliyomlipia bibi wa presha na watu wa nyumba yake ilikuwa shilingi 30,000, kwa kaya ya watu hadi sita, mwaka mzima. Fulana mbili, kaya moja inatibiwa. Nililisema hilo kwenye kikao cha kufunga safari mbele ya wote, na vijana kadhaa pale pale wakasema fulana zao ziuzwe. Viongozi wameahidi mwakani fulana iwe hiari. Nitaifuatilia ahadi hiyo.

Na pipi zisirushwe kutoka dirishani. Lilitokea wakati wa kuondoka, gari likitembea, watoto wakakimbilia magurudumu. Leta mpira, leta madaftari, mkabidhi mwalimu mkuu au Mwalimu wa kanisa, wao wanajua nani hana.

Kwa tano natoa nne. Nyota moja nimeishika kwa ajili ya ratiba, semina isiyofundisha maji, na alasiri mbili tu za kutembelea watu. Mkutano wa jioni wenye muziki mkubwa na jenereta ulipendwa, watoto waliucheza sana, na waliokata shauri kumfuata Yesu walikuwepo. Majina yao yako kwa Mwalimu, naye alishaanza darasa la mafundisho Jumatano kabla sisi hatujaondoka. Nilimpigia wiki iliyopita. Darasa linaendelea, bibi amerudi zahanati mara mbili, na kilichosalia kwenye boza kiliachwa kwa mama mchungaji wa pale kijijini.

Kujiandikisha kunaanza baada ya Pasaka, nusu ya malipo mbele. Wa Mtwara mjini mnaweza kuonana na ofisi ya parokia yenu, wao wanazo fomu. Kwa mwakani Mwalimu ameshatuma maombi yake kwa maandishi: watu ishirini, wasizidi, ratiba ipangwe naye, maboza mawili yalipiwe kabla, na miongoni mwa hao ishirini awepo fundi mmoja wa mifereji ya mabati, kwa kuwa paa la kanisa ni kubwa na kisima chake hakijawahi kuunganishwa.